SOMO: Jinsi mchungaji alivyopata kibali cha nusu nauli ya treni Marekani, miaka ya 1890

Habari zenu wakuu. Wengi wakisikia wachungaji wa Marekani enzi hizo walisafiri nusu nauli wanadhani ukivaa kola tu unapanda. Hapana aisee, ilikuwa ni makaratasi, na kila mwaka unaanza upya. Tuseme wewe ni mchungaji wa Methodist kule Kansas mwaka 1890, una makanisa matatu yameachana maili 40 hadi 60 na mshahara ni kiduchu. Fanya hivi.

1. Desemba nenda stesheni ya mji wako umuone stesheni masta uombe fomu. Usisubiri Januari maana kibali cha zamani kinakufa tarehe 31 Desemba.

2. Jaza jina, dhehebu, kanisa unalohudumia, halafu ueleze kwamba uchungaji ndio kazi inayokulisha. Hapa panataka ukweli mtupu, kama Jumapili unahubiri ila wiki nzima uko dukani unauza sukari basi hustahili, na stesheni masta anakujua, mji wenyewe mdogo. Yeye anathibitisha, fomu inaenda makao makuu kwa mkuu wa idara ya abiria.

3. Rudia hayo kwa kila kampuni ya reli! Kadi ya Union Pacific haikusaidii kitu kwenye Santa Fe. Baadaye makampuni ya kanda moja yaliungana yakaweka ofisi ya pamoja ya vibali vya wachungaji, ikawa nafuu.

4. Kadi ikifika isome mbele na nyuma. Ni kikaratasi kigumu cha kuingia mfuko wa kizibao, mbele kuna namba, mwaka kwa tarakimu kubwa, jina lako kwa wino wa mkono na sahihi ya mkubwa. Nyuma ndiko kuna masharti kwa herufi ndogondogo: ni ya kwako peke yako, akiishika mtu mwingine kondakta anaichukua na anadai nauli nzima.

5. Dirishani toa kadi KABLA ya kulipa. Nauli ya kawaida kule ilikuwa kama senti 3 kwa maili, kwa hiyo safari ya maili 200 ni dola 6, wewe unalipa 3. Ndani ya behewa kondakta akija weka tiketi na kadi pamoja.

Jambo moja naomba mlishike. Tarehe 4 Februari 1887 Rais Cleveland alisaini sheria ya biashara kati ya majimbo, iliyokataza kumtoza huyu bei hii na yule bei ile kwa huduma ileile. Bila kifungu cha 22, ambacho kiliruhusu punguzo kwa wahudumu wa dini, hizi kadi zingekufa palepale. Ila kiliruhusu tu, hakikulazimisha, kwa hiyo mchungaji aliomba, hakudai.

MASWALI YA WADAU

Mkuu kampuni zilifaidika nini?
Treni inatembea hata viti vikiwa vitupu ndugu yangu, nusu nauli si haba. Halafu mji wenye kanisa familia zinahamia, zinalima ngano, na ngano inasafirishwa na reli hiyohiyo. Mwaka 1891 Wabaptisti walipata behewa lililotengenezwa kuwa kanisa, likaitwa Evangel, na makampuni ya reli yalilivuta bure.

Kuna waliopata bure kabisa?
Walikuwepo. Hata sheria ya Hepburn ya 1906 ilipopiga marufuku pasi za bure (vibali vya kusafiri bila kulipa chochote) iliwaacha wahudumu wa dini kwenye orodha ya wanaoruhusiwa.

Na ajali ikitokea?
Swali zuri sana hili. Pasi nyingi ziliandikwa nyuma kwamba mwenye pasi anabeba hatari zote mwenyewe. Mwaka 1873 Mahakama ya Juu ya Marekani, kesi ya Lockwood, ilisema mchunga ng'ombe aliyesafiri na mifugo yake kwa "pasi" hakupanda bure kwa kweli, kampuni ikawajibika. Lakini 1904, kesi ya kampuni ya reli ya Northern Pacific na Adams, abiria wa pasi ya bure kabisa alianguka kutoka kwenye treni akafa na familia ikashindwa, maana alikubali yale masharti. Mwenye nusu nauli angalau angeweza kusema nimelipa, ndio maana mimi ningetoa hizo dola 3 zangu na ile ya bure ningeiacha.