Kutengeneza blasta ya chuma ya kwenye muvi na kuizeesha mpaka ionekane imetumika kweli

Kila nikiona muvi fupi za vijana wa huku Kigoma naumia sana sehemu moja, mtu kavaa vizuri, stori imekaa, taa ziko poa, alafu anachomoa bunduki ya plastiki ya dukani inang'aa kama kikombe cha mtoto. Na vyuma chakavu vimejaa mji mzima kuanzia Mwanga mpaka Ujiji. Kwahiyo nawaeleza namna mi ninavyotengeneza blasta, yani ile bunduki ya kubuni ya kwenye muvi za anga za mbali, ya chuma kabisa ila haipigi chochote, na hasa namna ya kuizeesha maana hapo ndo wengi wanaharibu.

Hata wakubwa walianza na vyuma chakavu. Ile ya Han Solo kwenye Star Wars ya 1977 chini yake ni bastola ya Kijerumani, Mauser C96, muundo wa miaka ya 1890, wakaifunga darubini juu na kipande cha mdomoni kilichotoka kwenye bunduki ya ndege ya vita, basi, ikawa silaha ya sayari nyingine. Sisi silaha halisi hatugusi hata skrubu yake, tunachukua ile akili tu, kwamba unaanza na umbo ambalo macho ya watu yanalijua alafu unaongeza vitu viwili vitatu ambavyo havikuwa vyake.

Chora kwanza kwenye kadibodi ya boksi, saizi halisi, kata, shika, jiangalie kwenye kioo. Ukiona mkono unakaa vibaya rekebisha hapo hapo, kadibodi haina gharama.

Mwili natumia skwea paipu ya inchi moja na nusu kwa robo tatu, nyeusi, sio ile ya mabati. Mtutu sasa, nisikilizeni vizuri: usitumie bomba. Tumia nondo laini nzito ya milimita 16, toboa mdomoni sentimita moja tu ili kamera ione shimo, ndani iwe chuma kitupu. Huku kwetu magobole yanajulikana na watu wamefungwa kwa ajili yake, ukikutwa na bomba limeunganishwa na mpini hakuna atakayesikiliza habari za muvi. Juu ya hiyo nondo panga washa, vile visahani vya chuma vyenye tundu vinavyokaa chini ya nati, kubwa, ndogo, kubwa, ndogo, mpaka zifike kumi na kitu, ukibana na nati inakuwa kama mapezi ya kupoozea injini na inapendeza mno. Darubini ni tochi ya bati ya zamani, ile ya mawe mawili, imeshikwa na vipande vya flatibaa. Kwa gereji za bodaboda omba plagi zilizokufa, vipande vya kabureta, springi, na kwa fundi baiskeli utapata vinati vidogo ambavyo huwezi kuvichonga mwenyewe. Usijaze sana lakini. Kila kitu ulichobandika ujue kinafanya kazi gani, hata kama kazi yenyewe umeitunga, maana kitu kisicho na kazi kinaonekana tu.

Unganisha kwa bolti kadri unavyoweza. Mafundi wetu wengi wamezoea kuchomelea mageti, ukimpa chuma chembamba anakitoboa, kwahiyo mwombe pointi tatu nne tu na umalizie kwa tupa. Alafu kitu chochote chenye zinki, bomba la mabati, bolti nyeupe za dukani, washa, kisiende kwenye moto. Mi nilichomelea bomba la mabati ndani ya chumba kimefungwa, usiku nikatetemeka kama nina malaria kali, kumbe ni moshi wa zinki. Maziwa wanayokunywa mafundi hayazuii hiyo kitu. Loweka kwenye siki mpaka mapovu yaishe, osha, ndo uendelee.

Mpini nachonga mninga. Najua mtu wa Kigoma atawaza kupaka mawese, usipake, hayakauki, yatanata na kunuka. Nta ya nyuki kutoka Tabora ndo yenyewe, ipashe, pakaa, sugua na kitambaa.

Msasa anza 80, nenda 120, 240, malizia 400, osha na sabuni, kausha, futa na thina na usiguse tena kwa mkono mtupu. Vipande vidogo unaweza kuvichoma mpaka vibadilike rangi kuelekea bluu alafu unavitumbukiza kwenye oili chafu ya injini, vinatoka vyeusi vizuri kuliko rangi yoyote. Fanyia nje, koleo refu, kopo la chuma lenye mfuniko karibu maana oili inaweza kuwaka, na ikiwaka usimwagie maji. Mwili ni prima kisha rangi nyeusi isiyong'aa, koti nyembamba mbili tatu, na kipindi cha mvua ipe siku nzima kati ya koti, unyevu wa huku unaacha ukungu mweupe juu ya rangi.

Sasa kuzeesha. Kabla hujashika msasa nenda kaangalie cherehani ya zamani ya fundi nguo. Lile gurudumu la mkono linang'aa, rangi imeisha pale tu kiganja kinapopita kila siku, lakini kule chini ambako hakuna mkono rangi ni nyeusi kama jana. Hivyo ndo chuma kinavyozeeka, kwa mpangilio, kwa sababu. Kwahiyo jiulize mwenye hii blasta ni nani, anatumia mkono gani, anaivalia kiunoni upande upi? Kama anachomoa kwa kulia basi upande unaogusa ala ndo unaochubuka, na ncha ya mtutu, na kona za darubini. Tumia jinzi kuukuu, sugua kona hizo dakika nyingi mpaka chuma chenyewe kianze kuchungulia. Msasa weka mwisho na kidogo sana, ile mistari yote ikielekea upande mmoja inasema uongo wazi wazi. Saga penseli laini, unga wake paka kwa kidole kwenye kona, inakuwa rangi ya bunduki hasa.

Kutu ni siki na chumvi, unapaka kwa brashi, unaacha usiku, asubuhi unarudia. Wengine wanaongeza haidrojeni peroksaidi ili iwahi, mi siweki, inakimbia sana huwezi kuisimamisha unapotaka. Na pale usipotaka kutu paka grisi kwanza. Hii watu wa Kigoma tusifundishwe na mtu, meli ya Liemba Wajerumani waliizamisha 1916 wakiwa wamezipaka grisi injini zake, ikaibuliwa 1924 na mwaka 1927 ikarudi kazini. Grisi ilikaa ziwani miaka minane, usiku mmoja wa siki hauisumbui. Ukiridhika osha na maji ya magadi ili siki iache kula chuma, kausha juani, funga na nta.

Uchafu wa kwenye mifereji ni rangi nyeusi ya maji iliyozimuliwa sana, paka kote, futa juu, ibaki ndani. Isiwe ya thina, itayeyusha rangi ya chini. Mdomoni masizi ya kibatari kidogo. Kama stori inapita porini, vumbi letu jekundu, lichekeche na kitambaa chembamba ulipulize wakati ile rangi ya maji bado ina unyevu.

Ikiisha isitembee mtaani hata kwa utani. Iweke kwenye boksi, funga mdomoni kitambaa cha rangi ya chungwa mpaka kamera iwashwe, na kabla ya siku ya kushuti, pamoja na kibali cha Bodi ya Filamu, nenda na blasta ndani ya boksi lake kwa mwenyekiti wa mtaa na kituo cha polisi waione kwa macho yao. Alafu mpe mwigizaji akae nayo ndani kwake siku mbili, awe anaivaa na kuichomoa. Ikirudi angalia wapi imechubuka yenyewe, na hapo ndo uongeze.