SOMO: Maikrowevu mpya imefika nyumbani, ianze hivi

Wakuu, wiki hii peke yake watu watatu wameniuliza faragha: "Nimenunua maikrowevu, naanzaje?" Naandika mara moja. Wa nne akija nampa uzi huu.

1. Iweke mezani, si juu ya friji. Nyuma na juu iache nafasi ya kupumua. Kile kitambaa cha kufuma cha mama kikae kwenye kochi, hapo juu kitaziba matundu ya hewa.

2. Plagi iingie kwenye soketi ya ukutani. Wati 700 zilizoandikwa mlangoni ni nguvu ya kupashia. Kutoka ukutani inavuta 1,100 na zaidi. Ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu itayeyuka.

3. Toa povu na stika, osha sahani ya kioo. Ringi yenye vigurudumu inakaa chini, sahani juu yake.

4. Hapa someni taratibu. Ndani, ukuta wa kulia, kuna kipande kama kadi ya boksi, rangi ya kahawia au kijivu. USIKITOE. Mimi nilikitoa. Nilikuwa nabandua plastiki na stika, nikakiona, nikasema hawa jamaa wamesahau boksi ndani, nikakivunja na kukitupa. Siku kama nne mashine ilifanya kazi vizuri, nikajisifu. Siku ya tano napasha mchuzi wa nyama bila kufunika, mafuta yakarukia kwenye tundu ambalo kile kipande kilikuwa kinaliziba, zikaanza cheche za bluu na harufu ya waya ulioungua, watoto wakakimbilia nje. Fundi alicheka kabla hajaifungua. Kile kipande ni ulanga (madini haya yamechimbwa Uluguru tangu enzi ya Mjerumani, na mimi mtu wa Morogoro sikuyatambua). Mawimbi yanapita katikati yake, mafuta na mvuke vinazuiwa. Fundi alikata kipande kingine kwa mkasi, akakiweka, kazi ikaisha. Kwa hiyo kiache, kifute kikichafuka, na kikitoboka usiwashe mpaka kibadilishwe.

5. Jaribio lenyewe. Kikombe cha maji, robo lita, kisicho na mstari wa dhahabu. Nguvu ya mwisho, dakika mbili. Taa iwake, sahani izunguke, maji yatoke ya kuchovya majani ya chai. Usiiwashe tupu: mawimbi yasipopata cha kupasha yanarudi kwenye magnetroni, kile kifaa kinachoyatengeneza, na hiyo ndiyo roho ya mashine. Maji yakitoka yametulia kabisa usiyaamini, yanaweza kuwa yamepita kiwango cha kuchemka na yakaruka ukitia kijiko. Yape nusu dakika.

6. Chakula cha kwanza kiwe kiporo cha wali. Nyunyizia maji, funika, dakika moja na nusu.

MASWALI

— Mkuu, sufuria inaingia?
Hapana.

— Hata ndogo?
Hata ndogo. Na foili pia.

— Yangu sahani haizunguki, wameniuzia mbovu.
Ringi umeweka?

— Ringi gani?
Hatua ya 3. Angalia kwenye povu la boksi.

— Nimeikuta kwenye takataka. Ubarikiwe.

— Yaani umeharibu ya kwako halafu unatufundisha sisi?
Ndiyo. Ambaye hajaharibu angekwambia nini kuhusu kile kipande?

— Nina bisibisi, naweza kuifungua mwenyewe?
Usithubutu. Kapasita ya ndani inabeba volti 2,000 hivi, na hata ukichomoa plagi inaweza kubaki na umeme wa kuua. Mpe fundi.

— Shikamoo kaka. Nitajuaje kama wati 800 walizoandika ni za kweli?
Marahaba mdogo wangu, swali zuri hili. Chukua lita moja ya maji, pima joto lake, washa dakika moja nguvu ya mwisho, koroga, pima tena. Nyuzi zilizoongezeka zidishe kwa 70. Zikipanda 11 unapata 770, na kidogo kimepotelea kwenye chombo, kwa hiyo hawajakudanganya. Kipimajoto cha homa hakifai, hakishuki hadi joto la maji ya bomba. Tafuta cha jikoni.

— Na luku italiwa sana?
Inayovuta wati 1,200 kwa dakika mbili ni yuniti 0.04. Kwa yuniti ya shilingi 356 hiyo ni kama shilingi 14. Kinachomaliza luku ni pasi na hita ya maji, msiisingizie.

— Chapati za jana zinakuwa ngumu kama soli.
Unazipasha muda mrefu. Zikunje kwenye kitambaa kibichi kilichokamuliwa, sekunde 20, ule hapo hapo.

— Nyongeza ya kusafisha: bakuli la maji na limau lililokatwa, dakika tatu, usifungue mlango mpaka zipite tano. Uchafu unafutika wenyewe.
Hii naichukua.

— Mimi nakaangia karanga humo. Kikombe kimoja kwenye sahani, dakika moja moja huku unageuza, ya nne au ya tano zinakuwa tayari. Zikipoa ndiyo zinakauka.
Acha bwana! Chumvi unatia lini?

— Mwanzoni. Maji ya chumvi kidogo, unazichanganya, ndiyo unaweka.
Nakwenda dukani kwa Mangi sasa hivi.