Kukarabati jiwe la maili bila kuliua

Mawe ya umbali ya zamani pembezoni mwa barabara za Tanga mara nyingi huharibiwa na mikono yenye nia njema: saruji, rangi ya mafuta na brashi ya waya. Ukitaka kuliokoa moja, anza kwa kutoligusa.

Kwanza ruhusa. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania), za wilaya na mitaa chini ya TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), na jiwe limo ndani ya hifadhi ya barabara. Peleka barua na picha. Waarifu pia watu wa Mambo ya Kale serikalini, maana kitu cha kale kina sheria yake tangu 1964.

Kisha andika kumbukumbu: kimo, upana, unene, upande uso unakotazama, na mahali pake kwa GPS ya simu. Tarakimu zikiwa zimelika, rudi jioni na tochi. Ilaze karibu kabisa na uso wa jiwe ili mwanga upite ubavuni. Mkwaruzo hafifu utatoa kivuli, na namba iliyofichika mchana kutwa itasomeka. Piga picha hapo hapo. Angalia pia kipimo chenyewe: Wajerumani walitumia kilomita, na Waingereza walioiteka Tanga Julai 1916 wakaleta maili. Ni dalili ya umri tu, si ushahidi kamili.

Sasa tazama kona iliyovunjika. Ukiona kokoto na nondo, ni zege, na hapo saruji inafaa. Nondo iliyoshika kutu huvimba na kupasua zege, kwa hiyo isugue mpaka chuma safi kabla ya kuziba. Ukikuta jiwe la chokaa au tumbawe, saruji usiithubutu. Ni ngumu kuliko jiwe na haipumui. Maji yenye chumvi hukwama nyuma yake, chumvi inaganda yakikauka, na uso wa jiwe unabanduka vipandevipande huku kiraka kikibaki kizima.

Safisha kwa maji baridi na brashi laini ya katani. Ukungu wa kijani ulowanishe, kisha ukwangue kwa kijiti cha mti. Siki, ndimu na asidi ya betri huyeyusha chokaa, weka mbali.

Kiraka cha jiwe la chokaa au tumbawe ni kipimo 1 cha chokaa iliyozimwa kwa maji, na vipimo 3 vya mchanga wa mto uliochekechwa na kuoshwa. Mchanga wa pwani una chumvi, hata uwe mweupe kiasi gani. Vaa glavu na miwani, chokaa inaunguza macho. Lowesha ufa, shindilia tabaka lisilozidi sentimita 1, liache lishike, ndipo uongeze jingine. Funika kwa gunia bichi wiki nzima, ukililowesha asubuhi na jioni. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ukaa polepole ikiwa na unyevu. Ikikaushwa na jua la Tanga siku ya kwanza, hubaki unga. Epuka masika, mvua itakiosha kiraka kabla hakijashika.

Jiwe lililoinama lichimbe upande mmoja tu, likishikiliwa na watu wawili. Linyooshe, kisha shindilia mawe na udongo kwa tabaka. Lisihamishwe hata hatua tatu: jiwe la umbali likitoka mahali pake limeanza kusema uongo.

Rangi iwe chokaa nyepesi kama maziwa, matabaka manne au matano membamba, kila moja siku yake, na iwapo tu mabaki yanaonyesha lilipakwa zamani. Namba usizichonge upya wala kubadili maili kuwa kilomita. Isiyosomeka iache ilivyo, na picha za tochi uziwasilishe kwa watu wa Mambo ya Kale pamoja na vipimo. Fyeka majani kabla ya kila masika, ukiacha nusu mita wazi kuzunguka jiwe, na mwambie dereva wa greda kabla hajaanza kazi.