ERA ya mrushaji: hesabu ni rahisi, kazi iko kwenye daftari

Mimi ndiye mtunza daftari wa timu yetu ya besiboli. Mechi ikiisha, kabla sijafunga kalamu, mrushaji huwa ameshasimama nyuma yangu: "ERA yangu imefika ngapi?" Nimeamua kuandika ninavyoitafuta, ili kila mtu ajipigie mwenyewe.

ERA (kwa Kiingereza earned run average) ni wastani wa mikimbio ambayo mrushaji ameruhusu kwa kila iningi 9, yaani zamu 9 za wapinzani kupiga, ambazo ni mechi kamili, ikihesabiwa ile tu iliyotokana na urushaji wake. Mkimbio ni pale mpinzani anapozunguka besi zote, yaani vituo vya uwanjani, akarudi nyumbani, pale anaposimama mpigaji. Kwenye soka, beki akijifunga, kipa huhesabiwa kafungwa. Besiboli ina huruma kidogo.

Hatua ya 1: Hesabu auti, achana na iningi

Auti ni mpigaji au mkimbiaji kutolewa, na iningi moja ni auti 3. Ukikuta daftari limeandikwa 6.2, maana yake ni iningi 6 na auti 2, si sita na sehemu mbili za kumi. Hapa ndipo kikokotoo cha simu kinapowapoteza wengi, kwa sababu wanaingiza 6.2 kama ilivyo. Mimi nageuza kila kitu kuwa auti: 6 mara 3, jumlisha 2, napata 20.

Hatua ya 2: Chambua mikimbio

Hii ndiyo kazi yenyewe. Tuchukue mfano wa mechi moja ambayo mrushaji alitoa auti 20 na akaandikiwa mikimbio 4.

Iningi ya 2, mpigaji aliutoa mpira nje ya uzio. Hapo hakuna wa kumsaidia: mkimbio 1 ni wake.

Iningi ya 4, auti mbili zilishapatikana. Mpigaji wa tatu akapiga mpira wa chini, mwepesi kabisa, mchezaji wetu akauokota na kuutupa juu ya kichwa cha mwenzake wa besi ya kwanza. Daftarini ni kosa. Anayefuata akaupiga nje ya uzio, ikaingia mikimbio 2. Je, ni ya mrushaji? Hapana, hata mmoja. Rudisha iningi kichwani kana kwamba kosa halikutokea: auti ya tatu ingekuwa imepatikana, na huyo wa kuupiga nje asingeshika gongo katika iningi ile.

Iningi ya 7, auti mbili, mtu yuko besi ya kwanza baada ya kupewa mipira minne mibaya. Kocha akambadilisha mrushaji. Aliyeingia akapigwa mpira mrefu, na yule wa besi ya kwanza akafika nyumbani. Mkimbio huo ni wa mrushaji aliyetoka, maana yeye ndiye aliyemwacha pale. Wanaotoka huwa hawapendi kusikia hili.

Jumla: mikimbio 4, iliyo yake ni 2.

Kuna la kuangalia kwa makini: mpira unaompita mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji. Kama ulirushwa vibaya kiasi kwamba mdakaji asingeweza kuuzuia kwa juhudi za kawaida, mzigo ni wa mrushaji. Kama alipaswa kuudaka, mkimbio uliopatikana kwa njia hiyo tu hauingii kwenye ERA. Mrushaji naye akifanya kosa la kudaka au kutupa mpira kama mchezaji wa uwanjani, linahesabiwa kama kosa la mchezaji mwingine yeyote. Ni ajabu, lakini ndiyo kanuni.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Zidisha mikimbio iliyo yake kwa 27, kwa kuwa iningi 9 ni auti 27. Kisha gawanya kwa auti alizotoa.

2 × 27 ÷ 20 = 2.70

Aliyeingiza 6.2 kwenye simu atapata 2.90. Aliyesahau kuchambua atapata 5.40, na mrushaji mzuri ataonekana hafai. Mkicheza mechi za iningi 7, tumia 21 badala ya 27.

Hatua ya 4: Jumlisha msimu

Usichukue ERA za mechi mbili ukagawanya kwa mbili. Tuseme mechi iliyofuata alitoa auti 4 tu, akaruhusu mikimbio 3 yake mwenyewe: ERA ya siku hiyo ni 20.25. Wastani wa harakaharaka utakupa zaidi ya 11. Jumlisha kwanza mikimbio na auti, ndipo upige: 5 × 27 ÷ 24 = 5.63.

Asiyetoa auti hata moja na ameruhusu mkimbio ulio wake, ERA yake haina kikomo. Mwachie nafasi wazi.

Jipime

Mwaka 1968 mrushaji Bob Gibson wa timu ya St. Louis Cardinals ya Marekani aliruhusu mikimbio 49, iliyo yake ikiwa 38, katika iningi 304 na auti 2. Auti 914. Jibu ni 1.12. Msimu ule wapigaji waliteseka kiasi kwamba mwaka 1969 kilima anachosimama mrushaji kilishushwa kutoka inchi 15 hadi 10.

Sasa zamu yako: Jacob deGrom wa New York Mets, 2018, iningi 217 kamili, mikimbio 41 yake. Alishinda mechi 10 na kupoteza 9, na bado akachukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora. Ukipata 1.70, njoo tugawane daftari.