Namna ya kulitafsiri neno "nice" bila kurudishiwa kazi

Juzi mpwa wangu wa kidato cha tatu kaniletea insha yake ya Kiingereza. Safari "nice", chakula "nice", dereva "nice". "Mjomba, ticha anataka nibadilishe, sasa niweke nini?" Tulikaa jioni nzima. Nimeandika hapa tuliyoyafanya, na nimeongeza lile lililonitesa mimi.

Hatua ya 1: Tazama kinachosifiwa. Chakula kitamu, nguo ya kupendeza, mtu mwema au mpole. Hili mnalijua.

Hatua ya 2: Angalia kama ni salamu. "Nice to meet you" ni ya mara ya kwanza tu. Ukimwambia hivyo mtu mliyesoma naye, atadhani umemsahau. Yeye ni "nice to see you". Ukiagana na mgeni uliyemfahamu leo, "nice meeting you".

Hatua ya 3: Uliza anayeandika ni nani, na ni wa zama zipi. Hapa nilipoteza usiku mzima. Wakili mmoja alinipa hati ya kutafsiri, ndani mna "a nice question of law". Nikaandika "swali zuri la kisheria", nikalala. Hati ikarudi na duara jekundu na maneno mawili: "Zuri kivipi?"

Kamusi yangu ya mfukoni ilisema nzuri. Programu ya simu ikasema nzuri. Ndiyo maana siku hizi sitafsiri chochote bila kamusi kubwa ya Kiingereza kwa Kiingereza, na asili ya neno naitafuta kwenye tovuti ya Etymonline, ni bure.

Neno hili lilianzia kwenye Kilatini "nescius", asiyejua: "ne" inakanusha, "scire" ni kujua. Likapitia Kifaransa cha kale, likaingia Kiingereza mnamo mwaka 1300 likiwa na maana ya mpumbavu. Kuitwa "nice" enzi hizo ni kutukanwa. Kisha likahamahama: mwoga, mchaguzi wa vyakula na mavazi, mtu wa kupekua vijambo vidogo, na kufikia karne ya 16 jambo jembamba linalotaka jicho kali. Maana ya kupendeza ilikuja kushika karne ya 18. Tusishangae, fisadi naye zamani alijulikana zaidi kwa kuvuruga ndoa za watu, leo anakula fedha za umma.

Wanasheria na wanafalsafa wamebaki na ile ya karne ya 16. Kwa hiyo "nice distinction" ni tofauti ndogo isiyoonekana kirahisi, na swali la wakili wangu likawa "hoja ya kisheria inayotaka uchambuzi makini". Hapo akapokea.

Lakini usiipake maana hiyo kila mahali. Mtangazaji wa redio akisema "nice question", anasifu swali tu, basi. Na ukisoma Romeo and Juliet, tamthilia ya Shakespeare, ugomvi unaoitwa "nice" ni ugomvi wa jambo dogo lisilo na maana. Hauna uzuri wowote. Kufikia Northanger Abbey, riwaya ya Jane Austen, iliyotoka mwishoni mwa 1817, Henry Tilney tayari anamtania Catherine Morland kwa kulibandika neno hili kwenye kila kitu. Mpwa wangu akacheka: kumbe ticha hakuanza leo.

Hatua ya 4: Sikiliza kejeli. "A nice mess" ni "hongera, umeharibu!"

Hatua ya 5: "Nice and hot" usiivunje vipande viwili. Si chai nzuri na ya moto. Ni chai ya moto hasa.

Kijana alifuta "nice" zote akabakisha moja, ya ugali wa bwenini. Nilipomuuliza, akasema hiyo ni ya hatua ya 4.