Kupima nguvu ya lenzi ya miwani kwa saa ya lenzi

Lenzi iliyobinuka sana kwa mbele si lazima iwe na nguvu kubwa. Lenzi ya −2.00 (ya kutoa) na ya +2.00 (ya kujumlisha), namba zikiwa za dayopta, yaani kipimo cha nguvu ya lenzi, kwa kawaida zote zimebinuka mbele na kubonyea nyuma. Namba ya miwani hutokana na tofauti ya nyuso hizo mbili, pamoja na malighafi iliyotengenezea lenzi. Mikunjo hiyo hupimwa kwa saa ya lenzi, kifaa kidogo chenye mshale na pini tatu: mbili za pembeni hazisogei, ya katikati huingia na kutoka.

Kwanza hakiki sifuri. Bonyeza pini zote tatu juu ya kioo bapa kabisa, mshale usimame kwenye 0. Usilipuuze hili. Saa inayosoma +0.25 kwenye kioo bapa itaongeza 0.25 mbele, kisha itaongeza tena 0.25 nyuma, na jibu lako litapotoka kwa nusu dayopta.

Futa vumbi, weka pini ya kati kwenye kitovu cha lenzi, shika saa wima. Ukiiinamisha kidogo tu, namba inabadilika. Usiiburute, kwani pini huchuna lenzi za plastiki.

Tuseme mbele imesoma +6.00, nyuma −8.00. Jumlisha: −2.00. Sasa, pini ya kati ikiwa palepale, zungusha saa polepole. Mshale ukitulia, uso huo ni wa duara. Ukihama, mathalani kutoka −8.00 hadi −9.50 upande wa pembe mraba, kuna silinda (nguvu ya ziada ya upande mmoja) ya −1.50, na aksisi yake, yaani mwelekeo wake kwa digrii, ni ule uliosoma −8.00. Kumbuka unaitazama lenzi kwa nyuma: aksisi unayoiona kama 30 huandikwa 150.

Hapa ndipo wengi huteleza. Saa hupima umbo, haijui lenzi ni ya nini. Namba zake zimepangwa kwa malighafi yenye kipimo cha kupinda mwanga cha 1.53, karibu sawa na kioo cha kawaida cha miwani (1.523). Kwa malighafi nyingine, toa 1 kwenye kipimo chake, gawanya kwa 0.53, kisha zidisha kwa ulichosoma. Plastiki ya CR-39 (1.498) inazidishwa kwa 0.94, polikaboneti (1.586) kwa 1.11, na plastiki nyembamba ya 1.67 kwa 1.26. Ile −2.00 yetu basi ni −1.88 kwenye CR-39, −2.21 kwenye polikaboneti, na −2.53 kwenye 1.67. Mikunjo ni ileile, miwani ni tofauti kabisa.

Kwa lenzi za kutoa, unene wa katikati ni mdogo na hausumbui. Za kujumlisha zinahitaji uangalifu: mkunjo wa mbele wa +6.00 kwenye lenzi nene ya milimita 6 huongeza takriban 0.15 juu ya hesabu yako. Kwa namba ya mwisho, tumia lenzimita, mashine inayosoma nguvu ya lenzi moja kwa moja.

Saa inabaki na kazi ambayo lenzimita haiwezi: kujua mkunjo wa mbele. Mteja akilalamika kwamba sakafu inapinda ilhali namba ni sahihi, pima mbele ya miwani ya zamani na ya mpya. Huenda moja ni 6 na nyingine 4. Kwa kukadiria mkunjo wa mbele wa kuagiza, namba za kujumlisha ongeza 6 (+3.00 inapata 9), za kutoa gawanya kwa mbili kisha ongeza 6 (−4.00 inapata 4). Aliyezoea mkunjo fulani, hasa mwenye namba kubwa, mwagizie huohuo.

Lenzi zisizo za duara kamili, pamoja na progresivu (za kuona mbali na karibu bila mstari), husoma tofauti kila unaposogeza saa. Usizijumlishie nguvu kwa njia hii.