Kabla hujanunua beringi za ekseli

Kwanza hakikisha tatizo ni beringi kweli. Gari linalovuma kwa mwendo wa 60 linaweza kuwa na tairi zilizolika vibaya tu. Kwenye barabara wazi, kata usukani kidogo kulia: uvumaji ukizidi, shuku gurudumu la kushoto, maana uzito umehamia huko. Kisha inua kwa jeki, ushike tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, tuzungumze habari ya spea.

Usiende Kisekka, soko la spea jijini Kampala, mikono mitupu. Fundi avue beringi ya zamani, muifute grisi, msome namba iliyochongwa ukingoni. Jina la gari halitoshi. Hiace mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na ekseli tofauti. Namba haidanganyi: kwenye 6206, zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa 5 upate kipenyo cha tundu, milimita 30. Herufi zinazofuata nazo ni muhimu. ZZ ni vifuniko vya chuma pande zote mbili, 2RS ni vya mpira. C3 ina maana nafasi ya ndani, kati ya gololi na ringi zake, ni kubwa kuliko kawaida, ili chuma kikitanuka kwa joto kisibane. Muuzaji akisema "ni zilezile tu, boss," nenda duka la pili.

Koyo, NSK, NTN na SKF ni majina mazuri, na ndiyo maana huigwa. Mimi niliwahi kununua boksi zuri kwa bei ya kufurahisha. Kabla sijafika Luweero nikasikia mlio uleule. Siku hizi naangalia maandishi kwenye chuma chenyewe, si kwenye boksi, nalinganisha na ile ya zamani, kisha naizungusha kidoleni. Ikikwaruza, hapana. Beringi iliyovuliwa kwenye gari jingine siinunui hata kwa nusu bei.

Nunua na sili mpya, ule mpira unaozuia mafuta yasivuje, na ile ringi inayobana beringi kwenye shafti ya nyuma; ya zamani hairudishwi. Ukichukua beringi ya roli za mshazari, yaani yenye vipande vya chuma vilivyoinama badala ya gololi, chukua na kikombe chake, ile ringi ya nje.

Halafu muulize fundi kama ana presi, mashine ya kusukuma beringi mahali pake bila kuigonga. Akikuonyesha nyundo, tafuta mwingine: pigo moja huacha vishimo kwenye njia ya gololi, na spea halisi inakufa siku hiyohiyo.